Maua ya Mgeni na Njia ya Mwenyeji

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu kwenye mkutano wa wahitimu, Soweto, Moshi)



Nimeombwa niseme machache juu ya pendekezo la kupamba barabara kwa maua, ili waendesha baiskeli wa safari ndefu wapitapo Moshi wapokewe vema.

Jambo hili si geni. Huko Ufaransa, ambako mbio za Tour de France zilianza mwaka 1903, miji midogo ya njiani hujipamba kwa maua. Mwezi Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Nasi tulipokuwa wanafunzi tulijipanga kandokando ya barabara, majani mikononi, tukiungoja Mwenge wa Uhuru.

Lakini ndugu zangu, nina la kuungama. Safari moja ya mapokezi, mimi ndiye niliyepanga vyungu vya maua, nikavipanga ukingoni mwa barabara. Palipendeza kweli. Alfajiri yake kijana mmoja alishuka kutoka Uru na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli. Alipokosa pa kupita aliingia barabarani, akagongwa na gari. Alipona, ila mguu haukurudi kama zamani. Wageni walipita saa nne, wakasifu maua.

Nilikwenda kwao na isale. Mnajua wote kwamba aliyepelekewa isale hakatai kusamehe. Mama yake alilipokea, akalichomeka uani, akasema, "Basi, baba, utakuja kulimwagilia." Nilikwenda kulimwagilia. Lilishika.

Kwa hiyo naliunga mkono pendekezo, kwa masharti matatu. Kwanza, tupande ng'ambo ya mtaro, ukingo ubaki wa baiskeli. Pili, tupande masale pamoja na maua, maana maua ya kukatwa hunyauka jioni ile ile. Tatu, kila darasa lipewe kipande chake cha kumwagilia tangu Julai hadi mvua za vuli, wageni waje wasije.

Mwendesha baiskeli wa safari ndefu hupita kwetu mara moja. Muuza ndizi na muuza maziwa hupita kila siku. Njia ikimfaa huyu, na yule atakuwa amekaribishwa.