SOMO LA TISA: PAKA ANAYENYONYOKA MANYOYA

Leo tutazungumza juu ya paka wa nyumbani. Paka hulinda mahindi na mpunga wetu usiliwe na panya. Akiugua, hasara ni ya nyumba nzima.

Huenda umemwona paka mwenye ngozi tupu mgongoni, karibu na mkia. Pengine tumbo na mapaja yake pia hayana manyoya, na shingoni ana vigaga vidogo vidogo. Watu husema, "Paka huyu ana ugonjwa mbaya, mfukuzeni." Lakini mara nyingi sababu ni viroboto.

Kiroboto anapouma, huacha mate yake katika ngozi. Kuna paka ambao miili yao haipatani na mate hayo. Kwao, hata viroboto wachache huleta mwasho mkali. Paka hujikuna na kujilamba mchana na usiku. Ulimi wake hukwaruza kama msasa, nao ndio unaong'oa manyoya. Tena akijilamba huwameza viroboto, kwa hiyo ukimtazama huenda usimwone hata mmoja.

Fanya jaribio hili. Mchane paka juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Zikianguka punje nyeusi, kisha zikatoa rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto. Wekundu huo ni damu ya paka wako.

Sasa sikilizeni kwa makini. Msimpake paka mafuta ya taa. Yatamwunguza ngozi, na akiyalamba yatamdhuru. Msimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe. Wala msimpe dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi za dawa hizo zina kitu kiitwacho PERMETHRIN au AMITRAZ. Mbwa huvumilia, lakini mwili wa paka haujui kuivunja permethrin. Hutetemeka, huanguka kifafa, na aweza kufa.

Hapa ndipo kusoma kunapookoa. Kabla ya kufungua chupa, soma karatasi iliyobandikwa juu yake. Tafuta neno "paka". Tazama pia umri na uzito wa paka anayefaa kupewa. Kama neno hilo halipo, rudisha chupa, umwulize daktari wa mifugo.

Kumtibu paka peke yake hakutoshi. Kiroboto mmoja aweza kutaga mayai 40 kwa siku. Mayai huanguka chini, yakaingia katika mkeka, godoro na nyufa za sakafu. Funza wake hukua humo, wakajifunga katika vifuko, wakangoja hata miezi. Wakisikia joto na kishindo cha miguu, hutoka. Kwa hiyo fagia kila siku, hasa pembeni na chini ya kitanda, kisha choma taka. Fua matandiko kwa maji ya moto, uyaanike juani. Watibu paka na mbwa wote wa nyumba siku moja, kila mmoja kwa dawa yake.

Viroboto wakiisha, mwasho hupoa. Manyoya huota polepole, kwa wiki nyingi, basi msikate tamaa. Lakini mkiona mabaka ya mviringo yenye magamba, au vigaga vinene masikioni na usoni, huenda ni choa au upele. Magonjwa hayo huweza kuambukiza watu. Watoto wasimshike paka huyo. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

MASWALI YA DARASA
1. Ni nini kinachong'oa manyoya ya paka?
2. Kwa nini hatupaswi kumpa paka dawa ya mbwa?
3. Mayai ya viroboto hujificha wapi?
4. Leteni chupa ya dawa yoyote ya mifugo iliyofungwa vizuri. Someni pamoja: ni ya mnyama gani?