Mafuta, Sabuni na Kitu Kitamu Kilichofichwa Ndani

(Mazungumzo ya mwalimu mmoja wa kisomo mbele ya kikundi cha watengeneza sabuni, mkoani Kigoma)



Leo nitazungumza juu ya mafuta. Najua mtasema, "Mwalimu, mafuta tunayajua tangu tumezaliwa." Ni kweli. Hapa kwetu mtoto huujua mchikichi kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi. Lakini mwaka jana mafuta hayo hayo yalituaibisha, na kosa lilikuwa langu mimi. Wengine mliokuja mwaka huu hamkulisikia. Basi lisikieni.

Nilipata kijitabu cha kutengeneza sabuni kilichotoka pwani. Nikaandika ubaoni: mafuta kilo 10, kostik kilo 1 na gramu 800. Mkanakili kwenye madaftari. Mkasoma vizuri, neno kwa neno, nami nikafurahi. Tukachukua mawese yetu tukatengeneza sabuni. Ikashika, ikakatwa vipande, ikauzwa mnadani.

Baada ya siku chache mama mmoja akaja na mikono imechubuka, imekuwa myekundu. Alikuwa amefulia nepi sabuni ile. Mtoto wake naye alikuwa na malengelenge mapajani. Nikakimbia nyumbani kukifungua kijitabu. Juu kabisa ya ukurasa kulikuwa na maneno matatu ambayo sikuyaandika ubaoni: mafuta ya nazi.

Sasa mtauliza, mafuta si mafuta? Hebu tutazame ndani yake.

Mnalijua jembe la uma, lile lenye meno matatu. Mafuta yote, ya mawese, ya nazi, ya alizeti, hata ya ng'ombe, yamejengwa kwa vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Wataalamu huviita molekuli. Kila molekuli ya mafuta ina umbo kama la jembe la uma. Pale meno yanaposhikana pana kitu kiitwacho gliserini. Meno matatu ni asidi za mafuta. Gliserini ni ile ile katika mafuta yote. Kinachotofautiana ni meno.

Meno ya mawese mengi ni marefu. Ya nazi mengi ni mafupi. Basi fikirini: kilo moja ya majembe madogo ina majembe mengi kuliko kilo moja ya majembe makubwa. Kazi ya kostik ni kuyang'oa meno yale kutoka kwenye gliserini. Jino likishang'oka na kushikana na kostik, hiyo ndiyo sabuni. Kwa hiyo mafuta ya nazi, yenye majembe mengi, hutaka kostik nyingi: kama gramu 180 kwa kilo moja. Mawese hutaka kama gramu 140 tu. Sisi katika kilo 10 za mawese tulizidisha kostik kama gramu 400. Haikupata jino la kung'oa. Ikabaki ndani ya sabuni, ikaingoja mikono ya yule mama.

Siku hizi tunapima gramu 134 kwa kila kilo ya mawese. Tunaacha mafuta kidogo yazidi, maana mafuta yakizidi hayamchubui mtu. Na tunapima kwa mizani, si kwa lita. Lita moja ya mawese haifiki kilo moja.

Na gliserini je, huenda wapi baada ya kung'olewa meno? Haiendi popote. Imo ndani ya kipande cha sabuni mlichoshika. Kilo moja ya mafuta hutoa kama gramu 100 za gliserini. Ni maji mazito yasiyo na rangi, na ni matamu. Mtu wa kwanza kuipata alikuwa mkemia wa Sweden, Carl Scheele, mwaka 1779, alipokuwa akichemsha mafuta ya zeituni. Baadaye Mfaransa Michel Chevreul ndiye aliyeipa jina hilo, akilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya utamu. Yeye pia ndiye aliyeonyesha jinsi mafuta yalivyojengwa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1823. Huyu Mfaransa aliishi zaidi ya miaka 100, lakini hatujui kama ni kwa sababu ya mafuta!

Gliserini hupenda maji. Huyavuta hata yale yaliyomo hewani. Ndiyo maana sabuni yetu hutoka jasho wakati wa mvua, nanyi mkadhani imeharibika. Haijaharibika. Viwanda vikubwa huitenga gliserini kwa kutumia chumvi, kisha huiuza itiwe katika dawa, dawa ya meno na mafuta ya kujipaka. Sisi tunaiacha humo humo, na ngozi haikauki sana.

Tuje mwilini. Ukila mafuta, hayaingii kwenye damu hivi hivi. Nyongo huyavunja yawe matone madogo, kama sabuni inavyovunja mafuta ya sufuria. Kisha maji yatokayo kwenye kongosho hung'oa meno ya lile jembe. Mwili hauhitaji kostik kwa kazi hii. Yakishapita ukuta wa utumbo, meno hurudishwa kwenye gliserini, na jembe likasafirishwa. Yanayozidi huwekwa akiba.

Siku usipokula, akiba hufunguliwa. Meno huwa kuni za misuli. Lakini ubongo hauwezi kuchoma meno hayo, wenyewe hutaka sukari. Basi ini huichukua ile gliserini na kuigeuza iwe sukari. Mimi jambo hili hunishangaza kila ninapolisema.

Sasa akina mama wenye watoto wadogo, na akina baba pia, msiangalie pembeni. Gramu moja ya mafuta ina nguvu ya kilokalori 9. Gramu moja ya unga ina kama 4 tu. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi hulijaza, lakini humwacha na njaa. Mtoto aliyepita miezi sita, akiendelea kunyonya, tieni kijiko kimoja cha chai cha mafuta katika bakuli lake la uji. Hiyo ni kama kilokalori 40 za ziada, na tumbo halisikii.

Mawese mekundu yana faida nyingine. Ule wekundu mwili huugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Lakini wengine wetu huyachemsha mpaka yatoe moshi na kuwa meupe, eti yapendeze. Mkifanya hivyo mmeichoma vitamini.

Nirudi kwenye kostik. Itieni kostik ndani ya maji, kidogo kidogo. Msimwagie maji juu ya kostik, itaruka usoni. Msitumie sufuria ya alumini, italiwa. Ikimgusa mtu, aoshwe kwa maji mengi kwa muda mrefu, na kama ni jichoni apelekwe hospitali huku akioshwa. Mtoto akiinywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali mara moja.

Ile sabuni mbaya hatukuitupa. Tuliikusanya iliyobaki, tukaikuna, tukaipika upya na maji kidogo, tukiongeza mawese kama kilo 3 kwa kila kilo 10 za mwanzo, mpaka kostik yote ikapata meno yake. Mawese hayo niliyanunua mimi. Waliokuwa wameuziwa tulirudisha fedha zao, isipokuwa wawili ambao hatukuwapata. Mikono ya yule mama ilipona, na mtoto pia.

Kama kuna maswali, tuanze na wale waliokaa nyuma.