Tunaomba parabola, lakini mtusikie kwanza

Maneno ya kamati ya vijana mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu cha waliorudi, Kalemie



Mnajua tumesimama hapa juu ya nini. Barua yetu ya kuomba chama kinunue televisheni na parabola ilisomwa kwenye mkutano uliopita, na Mama mtunza feza akaijibu kwa sentensi moja tu: "Mupira inakulaka makuta, na kiisha inaletaka ugomvi." Tulirudi nyumbani na hasira. Baadaye tukakaa, tukahesabu mambo yaliyotupata, tukaona mama amesema kweli mara mbili. Kwa hiyo hatukuja kubishana naye. Tumekuja kueleza ni kwa nini, pamoja na hayo yote, bado tunaomba.

Tuanze mbali kidogo, juu ya wale waliojiunga juzi hawajui.

Wengi wetu katika kamati tulivuka ziwa tukiwa watoto wa miaka minane, tisa. Kule Lugufu baba zetu walikuwa na redio, na walikuwa na Englebert. Hawakuwa wanaita Mazembe, walikuwa wanaita Englebert, jina la zamani. Jioni mbele ya nyumba walitutajia Kazadi langoni, Kalala, Bwanga, sawa vile mtu anataja wajomba zake. Walituambia Englebert ilichukua kombe la Afrika 1967 na 1968, na kwamba mwaka wa kwanza Asante Kotoko wa Ghana, baada ya sare mbili, waliogopa kuja kwenye mchezo wa tatu. Tulipofika chuo tukasoma kwamba Kotoko hawakuogopa, wakubwa wa mpira wa kwao ndio hawakuwapa habari ya tarehe. Hatukuwaambia wazee. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, na wengine tuliona si lazima.

Lakini Englebert ya baba ilikuwa hadithi. Timu tuliyoisikia kwa masikio yetu ilikuwa Simba. Redio ya Tanzania ilitangaza Simba na Yanga, na mtoto hapendi timu ya mwaka 1967, anapenda ile inayocheza leo. 2003 Simba walikwenda Cairo kumtoa Zamalek, aliyekuwa bingwa wa Afrika, wakamtoa kwa penalite. Kambi ilipiga kelele kama vile tumepewa ruhusa ya kurudi kwetu. Siku ile sisi wote tukawa watu wa Simba, isipokuwa wachache wa Yanga ambao wako hapa na wanajijua.

Tukarudi 2008. Mnakumbuka tulivyopokelewa. Hakuna aliyetufukuza, tuseme ukweli, lakini tulipofungua mdomo watu walicheka: "Sikia Kiswahili ya ba Nyerere!" Tukienda kuchota maji, Watanzania. Tukiulizia kiwanja cha baba, Watanzania. Na swali la kwanza la vijana wenzetu halikuwa umetoka kijiji gani. Lilikuwa: "Weye ni wa Mazembe ao wa Lupopo?" Ukisema Simba, umekwisha kujihukumu.

Basi tukawa wa Mazembe. Mwanzoni tulidanganya kidogo. Tulivaa nyeusi na nyeupe, tukajifunza majina. (Wapenzi wa Lupopo mtuvumilie leo. Tunajua mpo, na tunajua mnavyoumia.) Halafu 2009 ikatukamata kweli. Tangu kombe la washindi la 1980 Mazembe haikuwa imeshika kitu cha Afrika, miaka 29, na hapa mjini walikuwa watu wazima waliosubiri muda wote huo. Fainali na Heartland wa Nigeria: tulipoteza kwao 2-1, na kwetu Lubumbashi tukashinda 1-0, bao lenyewe wakajifunga wao. Tulichukua kombe kwa hesabu ya bao la ugenini. Mzee mmoja wa mtaa wetu alilia, akasema baba yake alikufa 1995 akisubiri siku hiyo. Hatukuwa tunamjua. Tulimshika mkono, tukakaa naye mpaka usiku.

Mwaka uliofuata ndio mwaka wenyewe. Espérance ya Tunis ilipigwa 5-0 Lubumbashi. Kisha Mesemba, Abu Dhabi, kombe la dunia la vilabu. Tulikuwa watu labda mia moja katika chumba cha video cha watu arobaini, na jenereta ya mwenye chumba ilikuwa inakohoa. Pachuca wa Mexico, 1-0, bao la Bedi. Tarehe 14, siku ya pili, Internacional wa Brazil, bingwa wa Amerika Kusini. Hapo hata sisi tulikuwa tumejiandaa kupoteza kwa adabu. Kabangu akafunga. Jenereta ikazima. Mnajua giza lile, watu mia moja wanapumua na hakuna anayesema? Mtu mmoja alikuwa na redio ndogo, akaiweka juu ya kichwa chake ili wote tusikie. Umeme uliporudi tulimkuta Kaluyituka amekwisha kupiga la pili na Kidiaba anaruka kwa matako kuzunguka lango lake, na tukaruka naye, hata wenye miaka sitini. Ilikuwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini kufika fainali ile. Timu ya hapa, ya Katanga yetu.

Tarehe 18 Inter ya Milan ya Eto'o ikatupiga 3-0. Tuliumia, ndiyo, lakini tulitembea barabarani tumenyoosha shingo. Na katika siku hizo nne hakuna aliyetuita Watanzania. Tulihesabu.

Sasa ndio tufike kwenye ugomvi, Mama, ile sehemu unayoikumbuka.

2011 kura ikaleta Mazembe na Simba. Tulisema Mungu anatucheka. Lubumbashi Mazembe 3-1, Dar es Salaam Mazembe tena 3-2. Tulifurahi kwa sauti na tukahuzunika kimyakimya, basi, imekwisha. Haikuisha. Simba wakapeleka malalamiko kwamba Bokungu hakuwa na ruhusa ya kuchezea Mazembe, kwani alikuwa na mambo ya mkataba na Espérance. CAF wakakubali. Mwezi wa tano bingwa wa Afrika akatolewa mezani.

Mnakumbuka wiki ile. "Ni ninyi mulitushitaki." Ninyi! Sisi tuliokuwa tunauza samaki sokoni hapa. Kwenye chumba cha video kijana wetu mmoja alijibu vibaya, alisema sheria ni sheria, akapigwa chupa. Wenyeji watatu waliokuwa wamejiunga na chama chetu wakaacha kuleta mchango. Na jambo ambalo hatutaki kulipita haraka: mmoja wa hao watatu alifiwa na mtoto mwezi wa saba, na sisi hatukwenda kilioni. Tulisema si mwanachama tena. Tulisema alituita majina. Kweli alituita. Lakini alikuwa amebeba jeneza la mama ya mmoja wetu mwaka mmoja mbele, na sisi tukakaa nyumbani kwa ajili ya karatasi ya mchezaji ambaye hatukuwahi kumuona.

Simba nao hawakufaidi. Waliwekwa wacheze na Wydad wa Casablanca mchezo mmoja huko Cairo, wakapigwa 3-0. Tukawa tumepoteza pande zote mbili.

Wenzetu waliorudi kutoka Kala na Mwange, upande wa Zambia, hawakupitia hayo. Wao mwanzoni mwa 2012 walikula raha peke yao: Zambia ilichukua kombe la Afrika, na penalite ya mwisho aliipiga Sunzu, mchezaji wa Mazembe. Walishangilia nchi ya kambi na timu ya nyumbani kwa pigo moja la mguu. Tuliwaonea wivu, tunakiri.

Katika vurugu ile ya 2011 Mazembe ilichukua kijana kutoka kwa hao hao Simba, Mbwana Samatta, na Mtanzania mwenzake Ulimwengu. Mara ya kwanza mjini walimsema vibaya. Alikaa, alifunga, akaendelea kufunga. Sisi tulikuwa tunamwangalia kwa hofu kama mtu anayemwangalia ndugu yake akisimama kuongea mbele ya wakwe. Akikosa bao, tuliinamisha kichwa.

2015 fainali na USM Alger. Kule Algiers Kalaba alifunga, Samatta akaweka penalite, 2-1. Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja ikawa marudiano kwa uwanja wa Mazembe, Kamalondo. Hapa Kalemie tuliangalia katika chumba kile kile. Bao halikuja mpaka dakika ya 75, tukapata penalite, na Samatta akachukua mpira. Yule baba aliyefiwa alikuwa amesimama nyuma yetu. Miaka minne tulikuwa tukikutana naye njiani bila salamu. Samatta akapiga, ikaingia, na yule baba akamshika mmoja wetu mabega kwa nyuma, akapiga kelele: "Mutoto wetu! Mutoto wetu ule!" Assalé akaongeza la pili mwishoni, lakini wengi wetu hatukuliona vizuri. Kesho yake tulikwenda kwake sita, na sukari, na unga, na mchango wa kilio uliochelewa miaka minne. Aliupokea. Hakusema mambo mengi, alituuliza tu kama tumekula.

Sisi tunaofanya kazi katika mashirika, tunazunguka vijiji na karatasi kubwa za ukutani kufundisha waliorudi na waliobaki waishi vizuri pamoja. Kazi hiyo tunaiheshimu, ndiyo inatulisha. Lakini soda za semina zikiisha watu wanarudi kila mmoja upande wake, tumeliona mara nyingi mno.

Tusidanganye kwamba tangu hapo ni furaha tu. Mwezi uliofuata, Japani, Sanfrecce Hiroshima walitupiga 3-0. Miaka ya karibuni Mazembe imetutesa. 2023 Yanga, ndiyo, Yanga, walitupiga 3-1 kwao na wakaja Lubumbashi wakatupiga 1-0. Wale wachache wa Lugufu niliowataja mwanzoni hawajanyamaza mpaka leo.

Na ndipo neno la kwanza la Mama linaingia, la makuta. Siku ya mchezo ule wa Lubumbashi mmoja wetu aliweka kamari feza ya shule ya watoto wawili, juu ya kusema Mazembe haiwezi kupoteza kwao. Feza ile ilikuwa mkopo wa chama hiki. Mnamjua, hatutamtaja, amekwisha kulipa nusu. Mtu anayependa timu ndiye mtu mbaya kabisa wa kubashiri: macho yake hayaoni miguu ya wachezaji, yanaona moyo wake. Wenye vibanda vya kamari wanalijua hilo kuliko sisi.

Kwa hiyo tumeandika barua upya. Hatuombi hata faranka moja kutoka sanduku la msiba wala sanduku la mikopo. Tumefungua likelemba yetu pembeni, watu 31, kila mmoja faranka 2 000 kwa mwezi, na tumekwisha kuchanga miezi minne. Tunachoomba kwa chama ni mambo mawili tu: chumba hiki siku za mchezo, na jina la chama kwenye risiti, ili kesho pasitokee kijana wa kusema parabola ni yake. Wasio wanachama, waliorudi na waliobaki, wataingia kwa bei moja, na robo ya mlango itakwenda kwenye sanduku la msiba. Karatasi ya kamari haiingii. Atakayeonekana nayo atatoka, hata kama ni mmoja wetu tuliosimama hapa.

Ufunguo ukae kwa Mama mtunza feza. Akisema leo hakuna mupira, hakuna. Isipokuwa ikiwa Mazembe na Lupopo, Mama, hapo tutakuja kupiga hodi mpaka uamke.

Majina 31 haya hapa. La tisa ni la yule baba. Ameomba tuseme kwamba amelipa miezi yote minne.