Sukari Inapopanda Asubuhi: Mazungumzo na Wanaoishi na Kisukari

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa Kiswahili nchini Uingereza, mbele ya watu wanaoishi na kisukari pamoja na jamaa zao. Yametolewa kwa ajili ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari, muuguzi au mfamasia wako. Tafadhali usibadilishe dawa yoyote kabla ya kuzungumza nao.

  

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu: mimi si daktari. Kazi yangu ni kukaa baina ya daktari na mgonjwa na kuyavusha maneno kutoka upande huu hadi upande wa pili. Nimeifanya kwa miaka mingi, na katika habari za kisukari hakuna lalamiko nililolivusha mara nyingi kuliko hili: “Nililala sukari ikiwa nzuri, usiku kucha sikutia kitu kinywani, na nimeamka ikiwa juu. Imetoka wapi?” Anayeuliza huuliza kwa uchungu, kwa kuwa nyumbani ameshatuhumiwa. Mke anamtazama, watoto wanamtazama, na maandazi yaliyobaki kabatini yanahesabiwa.

Basi tuanze kwa kumwondolea tuhuma. Sukari iliyomo katika damu haitoki kinywani peke yake. Ini letu ni ghala. Tunapokula huweka akiba, na tunapolala huitoa akiba hiyo kidogo kidogo ili ubongo na viungo vingine visikose nguvu. Kisha, baina ya saa tisa za usiku na saa mbili za asubuhi hivi, mwili hujitayarisha kuamka. Homoni kama kortisoli na homoni ya ukuaji huongezeka, ini hufungua mlango wa ghala zaidi, na misuli huwa mizito wa kuitii insulini. Naweza kusema kwamba kila mwili una muadhini wake, naye humtangulia yule wa msikitini. Jambo hili humpata kila binadamu. Tofauti ni kwamba kongosho ya asiye na kisukari huongeza insulini wakati uo huo na hesabu ikalingana, ama ya mwenye kisukari haiwezi, au insulini aliyojidunga jioni imekwisha nguvu. Hii tunaweza kuiita hali ya alfajiri.

Namba gani ndiyo ya kuridhisha? Hapa Uingereza, mtu mzima mwenye kisukari kwa kawaida huelekezwa kulenga sukari iliyo kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na mwenye kisukari cha aina ya 1 huambiwa 5 hadi 7 anapoamka. Lengo lako laweza kuwa jingine, hasa ukiwa mtu wa umri mkubwa, mjamzito au mwenye maradhi mengine, kwa hiyo liulize na uliandike. Na ukipigiwa simu na ndugu aliye Marekani akakwambia kwamba yake ni 126, usishtuke. Wao hutumia kipimo kingine: gawanya namba yao kwa 18, nawe utapata 7 ya huku.

Asubuhi moja yenye 9 si msiba. Kinachotazamwa ni mwendo wa siku kadhaa. Lakini hata huo mwendo, ukiandikwa namba za asubuhi peke yake, hausemi lolote kuhusu yaliyopita usiku. Ndiyo sababu wataalamu huomba vipimo vitatu kwa muda wa siku chache: unapokwenda kulala, katikati ya usiku, na unapoamka kabla ya kula.

Niwape mifano mitatu niliyoitunga ili tuelewane. Mtu wa kwanza amelala na 7.1, katikati ya usiku ana 7.0, ameamka na 10.6. Sukari yake ilitulia, kisha ikapanda alfajiri. Wa pili amelala na 12.3, usiku ana 11.8, ameamka na 11.9. Huyu hakupandishwa na alfajiri. Alipanda nayo kitandani, na chanzo chake kiko katika chakula au dawa ya jioni. Wa tatu amelala na 6.2, usiku ana 3.3, ameamka na 12.5. Wote watatu wameamka wakiwa juu ya 10, na asubuhi huwezi kuwatofautisha. Lakini nyongeza ya dawa itakayomfaa mmoja wao yaweza kumtia yule wa tatu hatarini.

Habari ya mtu wa tatu ina historia. Katika miaka ya 1930 mkemia Michael Somogyi, aliyekuwa akifanya kazi mjini St. Louis, Marekani, alieleza kwamba sukari inaposhuka mno, mwili hujitetea kwa kuipandisha kupita kiasi. Kwa miaka mingi wagonjwa wakafundishwa hivyo. Vipimo vya siku hizi vinavyofuatilia sukari usiku kucha vimeonyesha kwamba jambo hilo si la mara kwa mara kama lilivyodhaniwa, na kwamba wengi wanaoamka na sukari ya juu hawakushuka usiku. Hata hivyo kushuka kwenyewe kupo, na kuna hatari. Shuka kulowa jasho, ndoto za kutisha, kuamka kichwa kikiuma au akili ikiwa nzito: ukiyaona hayo, mwambie muuguzi hata kama hukuulizwa.

Hapa nisimame kwa jambo la kazi yangu. Kipimo cha katikati ya usiku, muuguzi hukitaja kwa saa za Kizungu, naye husema “saa tatu”. Tatu hiyo kwetu ni saa tisa za usiku. Nimewahi kuliona daftari lililojazwa kwa uaminifu mkubwa, kila siku bila kukosa, na vipimo vyote vya “saa tatu” vilikuwa vya saa tatu za usiku kwa hesabu yetu, mtu ndiyo kwanza ananawa mikono baada ya chakula. Kazi yote ile ikawa haina faida. Kwa hiyo iweke kengele ya simu yako kwenye 03:00, uipe simu jukumu la kuhesabu. Mwenye kihisi cha kubandika mkononi hana haja ya kuamka. Kihisi kitamwandikia mwenyewe.

Sasa niseme kosa langu, kwa maana nimeahidiwa kwamba litachapishwa na huenda likamfaa mtu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimkalimania mzee mmoja aliyekuwa akitumia gliklazidi asubuhi na jioni. Dawa hiyo huisukuma kongosho itoe insulini. Muuguzi alisema kwamba kipimo chake cha kabla ya kula asubuhi kiko juu, nami nikatafsiri neno kwa neno kama lilivyo katika lugha yao: “Sukari yako ya kufunga iko juu.” Mzee aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza kitu, nami sikumuuliza alivyoelewa. Kumbe aliondoka na maana yake: kwamba hiyo ni sukari ambayo dawa yake ni kufunga. Akaacha kula baada ya sala ya alasiri, akisubiri mpaka asubuhi. Kidonge cha jioni, kwa kuwa alikuwa mtiifu, hakukiacha.

Usiku wa tatu mkewe alimkuta amelowa jasho, anazungumza maneno yasiyoungana. Alimnywesha soda chupa nzima, kisha chai yenye sukari, kisha mkate na asali. Alhamdulillah, alizinduka. Asubuhi akapima: 15. Akaandika 15 katika daftari, na hakuandika kingine. Tuliporudi kliniki, muuguzi alilifungua daftari, akaona namba zinapanda, akaanza kueleza kwamba dawa ya jioni itabidi iongezwe. Nami nilikuwa tayari ninatafsiri. Bibi yule, ambaye hakuna aliyemuuliza neno, alinishika mkono akasema: “Mwanangu, mwambie huyo dada, juzi usiku huyu alikuwa anatuacha.”

Dawa haikuongezwa. Ilipunguzwa, na chakula cha jioni kikarudishwa. Tangu siku hiyo sisemi tena “sukari ya kufunga”. Nasema “sukari ya unapoamka, kabla hujala”. Ni maneno mengi zaidi, na wauguzi wenye haraka hunitazama, lakini ndiyo ninayoyasema.

Basi usilipe deni la asubuhi kwa kujinyima chakula cha jioni huku unameza dawa za kushusha sukari au kujidunga insulini, na usijiongezee kipimo kwa sababu namba imekuudhi. Na kwa wanaofunga Ramadhani, nendeni kwa daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa dawa na saa zake huenda zikabadilishwa, na kwa baadhi yetu jibu litakuwa kutofunga. Kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu. Maelekezo ya wataalamu ni kufungua ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, au ukijihisi mgonjwa.

Sukari ikishuka chini ya 4, saa yoyote, usingoje kupambazuke. Kunywa glasi ndogo ya maji ya matunda au soda yenye sukari ya kweli, au tafuna vidonge vinne au vitano vya glukosi. Kwa jumla iwe gramu 15 hadi 20 za sukari. Pima tena baada ya dakika 10 hadi 15, na kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kipande cha mkate au kitu mfano wake. Chupa nzima si lazima, ingawa simlaumu yule bibi hata kidogo. Asiyejitambua asitiwe chochote kinywani: mlaze ubavu na upige 999. Kisha andika katika daftari kwamba ilishuka, saa ngapi, na ulikunywa nini.

Kwa yule wa pili, aliyelala na sukari ya juu, mazungumzo ni ya jikoni. Wengi wetu hurudi kazini saa nne za usiku, tukala wali wa nazi na nyama yenye mafuta, kisha tukalala saa tano. Mafuta huchelewesha chakula tumboni, na sukari ya wali huo huendelea kuingia katika damu mpaka usiku wa manane. Ukiweza, kula mapema. Usipoweza, punguza rundo la wali, ugali au fufu, ongeza mboga na maharage, na utembee robo saa kabla ya kulala, hata kama ni kupanda na kushuka ngazi za jengo unaloishi. Chai tamu ya kuagana na wageni nayo ni chakula, ingawa hatuihesabu. Mimi mwenyewe sijafaulu kuwashawishi wageni wangu juu ya hilo.

Kwa wa kwanza, wa alfajiri, chakula husaidia kiasi, lakini mara nyingi suluhisho liko kwa muuguzi. Huenda akaisogeza saa ya insulini ya usiku au kubadilisha aina yake. Huenda akaitazama metformini, ambayo kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari kupita kiasi. Mwenye pampu ya insulini anaweza kuwekewa nyongeza ndogo kabla ya alfajiri. Na kwa kuwa saa hizo mwili huipinga insulini, chapati mbili na chai ya sukari asubuhi hukuta njia mbaya kuliko mchana. Yai na maharage hukuta njia nafuu.

Mwelezeni muuguzi na mengine: homa au kidonda kisichopona, vidonge vya steroidi, usingizi mbaya, kukoroma kwa pumzi kukatika. Mwonyeshe pia mahali unapojidunga, kwa kuwa ukidunga pale pale kila siku ngozi hufanya vinundu, na insulini iliyodungwa ndani ya kinundu haiingii mwilini kwa kiasi kile kile kila siku.

Mkalimani wa miadi za NHS hulipwa na huduma yenyewe, si na mgonjwa; mwombe unapopanga miadi. Usimlete mtoto wako akutafsirie. Na mkalimani akisema neno lisilokukaa sawa, hata akiwa ni mimi, mwambie, “Rudia kwa maneno mengine.” Kisha wewe nawe rudia ulivyoelewa, asikie.

Pale mezani karibu na mlango kuna madaftari ya bure yenye safu tatu: “Ninapolala”, “03:00” na “Ninapoamka kabla sijala”, pamoja na nafasi ya kuandika chakula cha jioni na saa uliyokula. Asiyepewa vijiti vya kupimia, kama ilivyo kwa wengi wanaotumia metformini peke yake, asinunue kabla ya kuzungumza na muuguzi wake. Wauguzi wawili wamekaa kule nyuma na watabaki mpaka saa tatu. Saa tatu zetu. Mwenye swali aje nalo, nami nitatafsiri.