Wari wa Namna Mbili katika Ziwa Rukwa

Wasikilizaji, mtu ashukaye kutoka Sumbawanga mpaka Ziwa Rukwa huwaona wari, ndege wenye mfuko chini ya mdomo (siwasemi wari wa unyago), akadhani ni wa namna moja. Ni wa namna mbili. Watazameni warukapo: mkubwa ni mweupe, na manyoya ya ukingo wa nyuma wa mabawa yake ni meusi kabisa, mdogo ni wa kijivujivu, wala hana weusi ule. Weupe huvua kwa kundi, wakiwazingira samaki na kuchovya midomo pamoja. Wa kijivu huvua peke yake mara nyingi. Tena weupe hutaga chini, na wakitishwa huweza kuyaacha mayai yote. Wa kijivu hujenga mitini. Basi akataye miti hiyo kwa kuni huwanyima hao makao.