Mazungumzo Yetu na Mganga Mkubwa wa Hospitali

(Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa dini wa parokia mbele ya wakristu na wageni, siku ya posho, katika juma la Jubilei)



Kamati ya Jubilei imeniomba niwaelezee kazi ya kikundi chetu cha huduma. Kama ningetaka kuhesabu kazi zote, tungelala hapa. Kwa hiyo nitasimulia siku moja tu, ile siku tuliyokwenda kuonana na mganga mkubwa wa hospitali, maana tulitoka nyumbani tukiwa na shauri moja, tukarudi na lingine.

Mnajua kikundi hiki kilivyoanza. Wamama wachache waliona kwamba mgonjwa asiye na ndugu hospitalini hana wa kumpikia, wakaanza kumpelekea bukari na samaki. Kiisha wakaja wababa kufagia uwanja na kukata majani. Jubilei ilipokaribia tukasema: tufanye jambo litakalobaki. Tukakusanya franga kusudi tupake rangi nyumba ya watoto wagonjwa, ambayo kuta zake zilikuwa nyeusi kwa moshi na kwa mikono. Watu watano wakatumwa kwenda kuomba ruhusa, nami nikawa mmoja wao.

Mganga mkubwa alitupokea saa nane ya mchana. Alikuwa hajakaa tangu asubuhi, na chai yake ilikuwa mezani, imepoa. Akatusikiliza mpaka mwisho, akatushukuru. Halafu akasema: «Wazee wangu, njoni kwanza niwaonyeshe kitu.» Akatupeleka chumba wanamopimia damu, akafungua firigo. Ndani mlikuwa na mifuko miwili ya damu. Miwili tu, kwa hospitali nzima. Akasema: «Katika nyumba yenye kuta nyeusi mtoto anaweza kupona. Mtoto aliyeishiwa damu, kuta nyeupe zitamsaidia nini?»

Wandugu, hakuna aliyejibu.

Akatueleza kwa utulivu, kama mwalimu. Malaria huharibu damu ya mtu, na mtoto aliye chini ya miaka mitano anaweza kuishiwa damu kwa siku chache. Mnajua kwamba nchi yetu ndiyo ya pili duniani kwa wingi wa malaria, baada ya Nigeria. Kuna vilevile watoto waliozaliwa na ule ugonjwa wa damu wa kurithi, unaowaumiza mifupa na kuwafanya macho ya manjano. Hao huhitaji damu mara kwa mara. Tena kuna mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa. Huyo hawezi kungoja ndugu zake watembee kutoka kijijini. Mfuko mmoja una kadiri ya mililita 450. Mtoto mwenye kilo kumi hahitaji hata nusu yake, kwa hiyo mtu mmoja akitoa mara moja, pengine watoto wawili wanaweza kusaidiwa.

Mmoja wetu akauliza: «Lakini si jamaa ya mgonjwa ndiyo hutoa damu?» Mganga akajibu kwamba ndivyo inavyofanyika mara nyingi, na kwamba desturi hiyo ina hatari yake. Ndugu aliyeshikwa na woga hufika mbio, na kwa haya huficha ugonjwa wake. Kila damu hupimwa SIDA, homa ya ini ya aina B na C, na kaswende. Walakini mtu akiambukizwa leo, kuna siku ambazo vipimo havijaona kitu. Kwa sababu hiyo damu iliyo salama zaidi ni ile ya mtu anayetoa kwa mapenzi yake, bila malipo, na anayerudi kila mara, kwa maana anajulikana. Mwanaume anaweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Awe na miaka 18 au zaidi, na uzito wa kilo 50 angalau. Damu katika firigo yenye baridi ya kufaa hukaa siku 35, haipiti hapo. Ndiyo maana kukusanya damu nyingi siku moja ya sikukuu na kusahau mwaka mzima hakufai kitu.

Nitakiri kwamba maneno hayo yaliniingia kwa namna ya peke yake. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali nyingine, mbali na hapa, mtoto wa dada yangu alilala usiku kucha akipumua kwa shida. Damu haikuwako. Nje ya mlango mtu fulani alikuwa akiuza damu yake, na bei yake ilipita franga tulizokuwa nazo. Tulipopata nyingine kulikuwa kumekucha, na mtoto hakuwako tena. Mimi nilikuwa pale pale, mwenye afya, wala sikuulizwa wala sikujitolea. Nilidhani damu ni kitu kinachonunuliwa.

Tuliporudi tukaita mkutano, na mkutano huo ulikuwa mkali. Wengine walinung'unika: tumetoa franga kwa ajili ya rangi, mbona mnatugeuzia maneno? Mzee mmoja alikumbusha habari za batumbula, wale watu ambao wazazi wetu wa Katanga waliwaogopa usiku wakisema wanakamata wenzao. Vijana wakacheka. Mimi sikupenda kicheko chao. Mtu aliyekulia katika woga huo hafunguliwi kwa kuchekwa. Mama mmoja akauliza kama mwanamke anayelima kila siku hatapungukiwa nguvu. Hatukutaka kujibu maswali hayo sisi wenyewe. Tukamwomba mganga aje, naye akaja baada ya Misa, akajibu moja moja. Mzee yule alimwuliza maswali manne. Mganga akamjibu yote manne bila haraka.

Nilipokuwa seminari ndogo tulisomewa habari za Adrien Atiman, mtoto aliyeuzwa utumwani upande wa Timbuktu, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga kule Malta, kisha akatumwa Karema, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Alitumika huko kama mganga na mwalimu wa dini tangu mwisho wa miaka ya 1880 hadi alipokufa katika mwaka 1956. Ninyi walimu wenzangu mnaodhani kwamba kazi yetu inakwisha tukifunga kitabu cha katekisimu, mfikirini huyo.

Siku ya kwanza ya kutoa damu walifika watu 31. Waliokubaliwa ni 19. Wengine walikosa uzito, wengine walikuwa na dawa mwilini. Mimi nilikaa mezani nikiandika majina. Nilijiambia kwamba lazima mtu aandike. Kuelekea saa tano mama mmoja, muuza mihogo ambaye ninyi nyote mnamfahamu, alitoka kule ndani akiwa na pamba mkononi, akainama juu ya daftari langu, akauliza: «Mwalimu, jina lako liko ukurasa gani?» Nikaona haya. Nikampa kijana kalamu, nikaingia. Ilichukua kama dakika kumi, nami niliangalia ukuta wakati wote.

Sasa niseme na mambo ambayo hayajanyooka. Franga za rangi, kwa idhini ya mkutano, zilinunua betri ya mtambo wa jua unaoendesha firigo ile, sababu umeme hukatika. Kuta za nyumba ya watoto zingali nyeusi, na wageni wetu watakaopita kule wasidhani hatukuziona. Tena kuna shauri la malipo. Sisi tunatoa bure, lakini jamaa ya mgonjwa inalipishwa mfuko na vipimo. Mganga anasema vitu hivyo hospitali yenyewe huvinunua, na ninamwamini. Hata hivyo mwenye mtoto anayekufa hatofautishi bei ya mfuko na bei ya damu. Tulimwambia hivyo, naye hakukasirika. Tumekubaliana kwamba kikundi kitawalipia wale wasio na kitu kabisa, kadiri mfuko wetu utakavyoweza, na kwamba tutakutana tena naye kila miezi mitatu kuangalia hesabu. Mwezi uliopita mfuko wetu ulikauka kabla ya tarehe ishirini.

Kutoa damu kunakofuata ni siku ya posho ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, katika jumba la parokia. Kuleni chakula na kunywa maji mengi mbele ya kuja. Wenye kundi la O, ambao damu yao hutafutwa sana usiku wa taabu, waje wajiandikishe hata kama hawatatoa siku hiyo. Daftari liko kwa karani. Mzee wa maswali manne alinituma niwaambie kwamba umri wake umepita, lakini wana wake watatu watakuja, na yeye mwenyewe atakaa mlangoni.