Kutoka Mbio za Marathoni Hadi Bungeni



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo vijana wa pande zote mbili za Suam huliuliza kila uchaguzi ukaribiapo: je, mwanariadha mashuhuri afaa kuwa kiongozi? Jirani zetu wa Trans Nzoia walikwisha kulijaribu jambo hilo.

Wesley Korir alishinda marathoni ya Los Angeles mwaka 2009 na 2010. Aprili 2012 akashinda ile ya Boston, siku ya joto kali, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 40. Tarehe 4 Machi 2013 wananchi wa Cherangany wakamchagua kuwa mbunge. Hakusimama kwa tiketi ya chama; alikuwa mgombea huru, njia iliyofunguliwa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Wiki sita baadaye, hali ni mbunge, alikimbia tena Boston akamaliza wa tano.

Kwangu mimi, lililo zito ni huo ugombea huru. Mtu asiye na chama hana jeshi la vijana wa chama. Vijana wake ni mashabiki wake. Na shabiki wa riadha amezoea kumwona mshindi pale pale utepeni, hakuna wa kubisha. Kura sivyo zilivyo. Huhesabiwa kituo kwa kituo, hadi usiku wa manane, na pengine ushindi hubishaniwa mahakamani miezi mingi. Asiyeizoea subira hiyo ndiye anayeshawishiwa kushika mawe.

Mwaka 2017 Cherangany ilimchagua mwingine. Mpiga kura aliyekushangilia barabarani hukuuliza baadaye bei ya mahindi, na ana haki ya kuuliza.

Tena, si kila utumishi hupitia bungeni. Tegla Loroupe, aliyeshinda New York mwaka 1994 na 1995, alianzisha wakfu wa amani mwaka 2003, akawakutanisha Wapokot, Waturkana na Wakaramojong katika mbio badala ya wizi wa ng'ombe. Sisi tuliowahi kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa twaijua thamani ya kazi hiyo.

Sasa niseme yanayotuhusu hapa. Mwenye ndugu ng'ambo amtembelee kwa amani, apite kituo cha uhamiaji, lakini asipige kura asikoandikishwa kisheria. Anayekulipa uvuke mto usiku ukajaze mkutano wake au ukavuruge wa mwenzake, tuletee habari zake kituoni, hata akiwa bingwa umpendaye. Ofisa wa zamu ataandika maelezo yako, wala hutatozwa hata shilingi. Wazee wanaoogopa kuonekana wakiingia kituoni wanaweza kumwita polisi jamii wa eneo lao, naye atawafuata nyumbani.